Kumpokea Mtaalamu wa Kujitolea: Mwongozo kwa Mashirika ya Kijamii ya Kangemi

Mtaalamu wa kujitolea ni mtu anayelipatia shirika ujuzi wa taaluma yake bila mshahara: mhasibu anayepanga vitabu vya hesabu, wakili anayepitia mkataba wa kodi, muuguzi anayewanoa wahudumu wa afya, mhandisi anayekagua mtaro kabla ya mvua za Aprili. Anatofautiana na mtu anayekuja kuzoa taka au kugawa uji, si kwa hadhi bali kwa jinsi kazi yake inavyoandaliwa. Anayezoa taka anahitaji ufagio, glavu na mtu wa kumwonyesha pa kuanzia. Mhasibu anahitaji risiti za mwaka mzima, taarifa za benki na za M-Pesa, mtu anayekumbuka kwa nini pesa fulani zilitoka, na kamati iliyokwisha kukubaliana kwamba hesabu hizo zitazamwe. Hilo la mwisho ndilo huwakwamisha wengi.

Kwa ujuzi wa aina hii, Kangemi imekaa pazuri. Mtaa huo uko kando ya Waiyaki Way, magharibi mwa Westlands, na majirani zake ni Loresho, Mountain View na Kawangware. Anayekuja kwa matatu kutoka katikati ya jiji la Nairobi hupita makao makuu ya Safaricom, na ofisi za PwC, Deloitte na KPMG, makampuni matatu makubwa ya ukaguzi wa hesabu, nazo ziko kando ya barabara hiyohiyo. Makao makuu ya KALRO, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo na mifugo, yako Loresho. Upande wa Kabete kuna bewa la Chuo Kikuu cha Nairobi linalofundisha kilimo na tiba ya mifugo, chuo cha kitaifa cha ufundi cha Kabete, na ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo. Kikundi cha akina mama wafugaji wa kuku katika kijiji cha Gichagi kinaishi karibu na madaktari wa mifugo kuliko wafugaji wengi wa nchi hii.

Ukaribu huo, hata hivyo, hutumika vibaya. Kampuni huleta wafanyakazi wake kwa basi siku moja, wamevaa fulana za rangi moja. Wahasibu na mawakili wanapaka rangi ukuta uliopakwa mwaka uliotangulia na wageni wengine, picha zinapigwa, soda zinanywewa, basi linaondoka. Ndani ya jengo lilelile mna kabati lenye risiti za miaka miwili ambazo hakuna aliyezipanga. Kosa si la wageni. Walipouliza wasaidie nini, jibu pekee lililokuwa tayari lilikuwa ukuta.

Kazi kabla ya mtu

Shirika linalotaka mtaalamu huanza kwa kutafuta kazi, na mtu hutafutwa baadaye. Kamati na wafanyakazi huketi na kutaja shughuli zinazoahirishwa kila mwezi kwa sababu hakuna aliye ndani anayejua kuzifanya. Kisha kila shughuli hukatwa hadi ibaki kipande kinachoweza kumalizika. “Tunahitaji mtu wa kompyuta” si kazi. “Majina ya watoto wa mpango wa chakula yako katika madaftari matatu, na baadhi yanajirudia” ni kazi, na mtu mwenye ujuzi akiisikia anaanza kuitatua kichwani kabla hajafika.

Kipande hicho huandikwa kwenye karatasi moja, kwa lugha ambayo kamati nzima inaielewa. Karatasi ya kikundi kinachotafuta mhasibu inaweza kusomeka hivi:

“Kikundi kina taarifa za benki na za M-Pesa za Januari hadi Desemba. Kinahitaji mhasibu wa kuzioanisha na risiti, kutenganisha matumizi ya miradi miwili yaliyochanganyika, na kumfundisha mweka hazina kufanya hivyo mwenyewe kila mwisho wa mwezi. Kazi itachukua Jumamosi sita, saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana. Risiti ziko kwenye faili isipokuwa za Machi, ambazo zimepotea. Kompyuta ipo, lakini umeme hukatika. Nauli italipwa siku hiyohiyo. Mwenyeji wake ni katibu. Kazi itahesabiwa imekwisha mweka hazina atakapofunga hesabu za mwezi mmoja bila kusaidiwa.”

Sentensi yenye thamani kuliko zote hapo ni ile ya risiti za Machi. Mhasibu anayezigundua mwenyewe Jumamosi ya tatu huanza kushuku kila kitu, na ana haki. Aliyeambiwa mapema huja na njia ya kuziba pengo. Sentensi ya mwisho nayo inaweka kikomo. Bila kikomo, kazi ya kujitolea huisha kwa namna moja tu: mtu anaacha kupokea simu.

Shirika likikosa kuandika karatasi hiyo, mtaalamu ataiandika kichwani mwake, na atajiandikia kazi anayoipenda yeye. Ndivyo tovuti nyingi za vikundi vidogo zinavyozaliwa. Kijana hodari anajitolea kutengeneza tovuti, inapendeza kweli, na baada ya mwaka hakuna anayejua nywila wala aliyelipia jina la tovuti. Kikundi kinachohudumia kaya mia moja za vijiji vya Bottom Line na Sodom, ambazo zote zinakifikia kwa simu, huenda kikafaidika zaidi na orodha safi ya namba na mtu wa kujibu ujumbe wa WhatsApp.

Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria lililoanzishwa Nairobi mwaka 1973, limedumu miongo mingi likitumia mawakili wa kujitolea pamoja na wale walioajiriwa. Kinachofaa kuigwa hapo ni mgawanyo wa kazi. Mtu mwenye shida hasikilizwi mara ya kwanza na wakili mwenye shughuli zake mjini. Husikilizwa ofisini, nyaraka zikakusanywa, na suala likachujwa. Wakili wa nje hupewa kesi, hapewi foleni ya watu. Shirika lolote dogo linaweza kufanya vivyo hivyo: kabla daktari wa mifugo hajapanda kutoka Kabete, mtu wa kikundi awe amekwisha kuandika kuku wangapi wamekufa, kwa siku ngapi, wakiwa na dalili gani.

Ukubwa wa kazi utegemee pia kalenda ya taaluma yenyewe, jambo ambalo husahaulika. Mkaguzi wa hesabu hana Jumamosi kati ya Januari na Aprili, kwa kuwa makampuni mengi hufunga mwaka Desemba. Mahakama Kuu huwa na likizo kuanzia tarehe 1 Agosti hadi 15 Septemba, na wakati huo wakili hupumua. Mwalimu hupatikana shule zikifungwa. Ombi lililokataliwa Februari linaweza kukubaliwa Juni na mtu yuleyule.

Pa kumpata

Mahali pa kwanza pa kutafuta ni mtaani penyewe. Kangemi ina wauguzi waliostaafu, walimu, mafundi wa umeme, washonaji wanaojua kukadiria gharama kuliko vijana wengi wenye shahada za biashara, na wahasibu wanaolala hapa na kufanya kazi Westlands. Hawaombwi kwa sababu wamezoeleka. Orodha fupi ya nani anajua nini, iliyokusanywa mlango kwa mlango au baada ya ibada, huleta majina ambayo hakuna tangazo lingeyaleta. Parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, inayoendeshwa na Wajesuiti na ambayo Papa Fransisko aliitembelea tarehe 27 Novemba 2015, ni mojawapo ya mahali ambapo watu wa kazi mbalimbali huketi benchi moja. Misikiti na makanisa mengine vilevile, na vyama vya wazazi shuleni.

Kibera ilionyesha mwaka 2009 jinsi ujuzi wa nje na wa ndani unavyoweza kuunganishwa. Katika mradi wa Map Kibera, Mikel Maron na Erica Hagen walikuja na ujuzi wa ramani huria ya OpenStreetMap, lakini waliotembea vichochoroni na vifaa vya GPS walikuwa vijana wa Kibera. Mgeni hakuchora ramani. Alifundisha kuchora, na wenyeji waliamua kipi kiingie: choo, bomba la maji, zahanati, kanisa.

Baada ya mtaa, ombi hupelekwa kwa mtu anayejulikana, si kwa kampuni nzima. Barua inayoanza kwa “Mkurugenzi Mkuu” huishia kwenye kitengo cha misaada, na kitengo hicho huleta basi na rangi. Mzazi, mwanakwaya au mpangaji anayefanya kazi katika kampuni hiyo akipewa karatasi ile ya ukurasa mmoja anaweza kuibeba hadi kwa mwenzake mmoja anayefaa. Na siku ya basi ikija hata hivyo, shirika lililo tayari huomba wageni wawili waingie ofisini huku wengine wakipaka rangi.

Mfano mkubwa wa ombi lililokuwa wazi ulitokea humuhumu nchini. Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zikiendelea, wakili Ory Okolloh alitoa wazo hadharani la ramani ya matukio, na katika siku chache wataalamu wa kompyuta, wakiwamo David Kobia, Erik Hersman na Juliana Rotich, walikuwa wameshirikiana kuunda Ushahidi, mfumo wa kupokea taarifa za wananchi kwa ujumbe mfupi na kuzionyesha kwenye ramani. Hakuna aliyelazimika kueleza kazi mara mbili. Miaka miwili baadaye mfumo huo ulitumika Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010, wajitoleaji wakitafsiri jumbe zilizoandikwa kwa Krioli.

Kuna kundi moja linalohitaji uangalifu wa pekee: vijana waliohitimu ambao hawana kazi. Kijana wa aina hii huandika ombi la kujitolea, lakini anachotafuta ni ajira, na hakuna ubaya. Ubaya ni pale shirika linapojua hivyo na kumweka miezi kumi na minane kwa nauli na ahadi. Mhasibu wa Westlands anayetoa Jumamosi zake ana mshahara unaomsubiri Jumatatu. Kijana wa Kibagare anayefungua ofisi kila siku saa mbili hana. Kwake yeye, muda uwe mfupi na umeandikwa, miezi mitatu kwa mfano, apewe kitu cha kuonyesha kwa mwajiri, na aambiwe kinagaubaga kama nafasi ya kazi ipo au haipo. Kazi inayofanyika kila siku, kwa saa maalum, chini ya msimamizi, ni ajira kwa sura yake yote, na mgogoro ukitokea shirika litapata shida kulieleza vinginevyo.

Serikali yenyewe ilichukua miaka kulikubali hilo katika afya ya jamii. Kwa muda mrefu wahudumu wa afya wa kujitolea walitembelea kaya bila malipo ya uhakika. Septemba 2023 zaidi ya 100,000 kati yao, sasa wakiitwa wahamasishaji wa afya ya jamii, walizinduliwa rasmi wakiwa na mikoba ya vifaa na mpango wa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, ikigawanywa kati ya serikali kuu na kaunti. Kiasi hicho ni kidogo. Lakini kiliondoa dhana kwamba mtu anaweza kubeba afya ya kaya mia moja kwa moyo tu.

Vyeti, watoto na siri

Kujitolea hakumwondolei mtu masharti ya taaluma yake. Daktari anayehudumu katika kambi ya afya ya siku moja lazima awe na leseni ya baraza la madaktari, KMPDC, na muuguzi ya Baraza la Wauguzi. Daktari kutoka nje ya nchi huhitaji leseni ya muda. Sheria ya Tume ya Huduma za Walimu ya 2012 haimruhusu mtu kufanya kazi ya ualimu bila kusajiliwa, kwa hiyo mhandisi anayesaidia hesabu jioni aitwe msaidizi wa masomo na awe hivyo kweli. Ripoti ya ukaguzi wa hesabu hutiwa saini na mhasibu mwenye cheti cha kuhudumu kutoka taasisi ya wahasibu, ICPAK. Hapa mashirika hujikwaa: mhasibu aliyewapangia vitabu hafai kuvikagua, hata kama ana cheti, maana atakuwa anajisahihisha mwenyewe. Kambi za afya nazo zina udhaifu unaojulikana: mama anapimwa presha, anaambiwa iko juu, na mpimaji haonekani tena. Kambi ipangwe pamoja na kituo cha afya cha Kangemi au kingine cha karibu, ili anayepatikana na tatizo awe na mlango wa kubisha wiki inayofuata.

Kwa yeyote atakayekaribia watoto, cheti cha nidhamu njema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai ni cha lazima, awe mgeni au mwenyeji, awe na cheo gani. Huombwa kupitia eCitizen, alama za vidole zikachukuliwa, na shirika lenye busara hurudisha ada hiyo. Lakini cheti huonyesha tu kwamba mtu hajapatikana na hatia. Kinga halisi ni kanuni za kila siku: hakuna mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto katika chumba kilichofungwa, hakuna anayempeleka mtoto kwake, na kila mtoto anajua jina la mtu wa kumwambia akiona jambo asilolielewa. Anayeudhika kwa kuambiwa kanuni hizi amejichuja mwenyewe.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamgusa mtaalamu wa kompyuta hata akiwa anafanya kazi bure. Orodha ya wanufaika isihamishiwe kwenye laptopu yake binafsi bila makubaliano ya maandishi, na picha za watoto zisitumwe popote bila idhini ya wazazi au walezi. Majina ya wanaoishi na virusi vya ukimwi ni jambo zito zaidi. Sheria ya 2006 kuhusu ukimwi inalinda usiri wao, na katika mtaa ambao nyumba zinatenganishwa na mabati, jina likivuja halirudi. Mtaalamu anaweza kuunda mfumo kwa kutumia majina ya kubuni, kisha mfanyakazi wa shirika akaingiza ya kweli.

Mgeni kutoka ng'ambo ana sharti moja zaidi. Ruhusa ya kusafiri ya kielektroniki, iliyochukua nafasi ya viza Januari 2024, humwezesha kuzuru, si kufanya kazi, na kazi ya bure ni kazi. Huhitaji pasi maalum kwa muda mfupi, au kibali. Shirika linalomwambia “wewe ingia kama mtalii” linamweka yeye hatarini, na lenyewe pia. Ikiwa kazi yake inawezekana kwa mtandao akiwa Manchester au Minneapolis, na nyingi zinawezekana, usumbufu wote huo hauhitajiki.

Siku ya kwanza

Kabla ya siku hiyo, shirika humteua mwenyeji: mtu mmoja, mwenye jina na namba ya simu, ambaye kazi yake ni kuhakikisha mtaalamu hapotezi muda. Si lazima awe mwenyekiti. Mwenyekiti mara nyingi ana mazishi, mkutano wa chifu na harambee siku hiyohiyo. Katibu au mfanyakazi wa ofisi hufaa zaidi. Kazi ikifika kwa watu watatu wanaodhani mwenzao ndiye mwenyeji, mtaalamu atakuta mlango una kufuli.

Asiyeijua Kangemi apokelewe stendi. Kuelekezwa kwa simu “shuka stage, pita soko, uliza kwa mama wa samaki” humchosha mtu kabla hajaanza, na akipotea na laptopu mgongoni, wiki ijayo atakuwa na udhuru. Akifika, aonyeshwe choo, pa kuchaji simu, na mahali atakapoketi, pawe na meza. Chai na mandazi si anasa. Ndipo anapojua nani ni nani, na ndipo mweka hazina anapomwona kuwa mtu wa kawaida. Atajwe kwa jina na kazi: “Huyu ni Wanjiru, mhasibu, atakuwa nasi Jumamosi sita, amekuja kwa ajili ya vitabu vya hesabu.” Utambulisho mtupu wa “mgeni wetu” huwafanya watu wasubiri zawadi. Mtaalamu naye aambiwe jinsi watu wanavyoitana: mama wa jikoni ni Mama Achieng, si Achieng, hata kama ana umri sawa na wake.

Lugha ipangwe mapema. Wataalamu wengi wa Nairobi huzungumzia taaluma yao kwa Kiingereza, na katika mkutano wa kamati watu watatikisa vichwa kwa adabu bila kuelewa. Kiswahili kiwe lugha ya kikao, na maneno ya kitaaluma yafafanuliwe yanapotokea. Mtaalamu asiyeweza kueleza taarifa ya mapato na matumizi kwa Kiswahili cha kawaida apewe mtu wa kumsaidia, si ruhusa ya kuruka hatua hiyo.

Mashirika mengi humkaribisha mtu kwa mikono yake na kumfungia mlango wa fikra. Mtaalamu aliyekwisha kuona vitabu vya hesabu anajua mambo ambayo kamati haijui: kwamba mradi wa mikopo unakula pesa za mradi wa chakula, kwa mfano. Aalikwe kwenye kikao kimoja cha kamati katikati ya kazi, aeleze alichokiona, na aulizwe maswali. Uamuzi unabaki wa kamati. Asiwe mtia saini wa hundi wala mwenye PIN ya laini ya M-Pesa ya kikundi, hata kwa wiki moja, kwa usalama wake na wa wengine.

Nauli na vitu vidogo

Bure ina gharama. Shirika linalopokea wataalamu liwe na fungu la nauli, muda wa maongezi, intaneti, chapa na chakula cha mchana. Nauli irudishwe kwa kiasi kilichotumika, siku ileile, na iandikwe. Malipo ya mkupuo yanayozidi gharama, yakilipwa kila mwezi, huanza kufanana na mshahara. Wanaokataa nauli wapo, na ni vizuri kuwauliza wote kwa utaratibu mmoja badala ya kukisia nani anahitaji. Kijana aliyevaa vizuri huenda ametembea kutoka Kawangware.

Saa za kila mtaalamu ziandikwe kwenye daftari lenye tarehe, jina na kazi iliyofanyika. Wafadhili wengi hukubali mchango wa kazi uhesabiwe kama sehemu ya mchango wa shirika lenyewe, mradi kuna kumbukumbu, na mashirika yaliyosajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013, iliyoanza kutumika tarehe 14 Mei 2024, yana haja ya kumbukumbu safi kwa kila hali. Vikundi vidogo vilivyo chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 navyo visidhani daftari ni la wakubwa. Kwa wanaokwenda nyanjani, kukagua mitaro au paa za madarasa, bima ya ajali ya kikundi ni bei nafuu kuliko harambee ya hospitali.

Hofu ya mweka hazina

Sababu ya kweli ya wataalamu kuondoka haitajwi kwenye ripoti. Mtu wa ndani anaogopa. Mweka hazina aliyeshika vitabu miaka saba kwa uaminifu, kwa daftari la mistari na kalamu nyekundu, anasikia kwamba mhasibu kutoka kampuni kubwa anakuja “kurekebisha”. Funguo za kabati zinaanza kupotea. Risiti ziko nyumbani. Jumamosi hii kuna msiba. Wengine hukimbilia kusema ana la kuficha, na wakati mwingine ni kweli, lakini mara nyingi anachoficha ni kutojua tu.

Dawa ni kumweka mweka hazina kwenye kazi tangu karatasi ile ya kwanza inapoandikwa. Aseme yeye mwenyewe kinachomsumbua. Mhasibu aelezwe kwamba amekuja kumsaidia mweka hazina, na aanze kwa kusoma daftari lake kama lilivyo. Daftari la mistari lenye tarehe na kiasi ni mwanzo mzuri kuliko programu tupu. Mtaalamu anayeingia kwa kucheka alichokikuta aonywe mara moja na mwenyeji, faraghani. Akirudia, aagwe kwa heshima. Ujuzi wake hautafidia miezi ya uhasama atakayoiacha.

Anayekosa kuja bila taarifa apigiwe simu siku hiyohiyo, bila lawama, aulizwe kama bado anaiweza kazi hiyo. Akikosa mara ya pili, karatasi ya kazi ipelekwe kwa mwingine. Mashirika hushindwa hapa kwa aibu: kwa kuwa mtu anasaidia bure, hakuna anayethubutu kumwambia aache, na kazi inalala mwaka mzima mikononi mwake. Kwa kazi nyeti, kama kesi yenye tarehe ya mahakamani, karatasi itaje tangu mwanzo nani atachukua nafasi yake.

Makabidhiano

Wiki mbili kabla ya kumaliza, mtaalamu huacha kutenda na kuanza kutazama. Mweka hazina anafunga hesabu, mhasibu ameketi kando akiwa kimya. Katibu anaongeza jina kwenye orodha, fundi wa kompyuta anaangalia anakwama wapi. Panapokwama ndipo maelezo ya maandishi yanapohitajika, kurasa mbili au tatu, kwa Kiswahili, zikiwa na picha za skrini. Maelezo ya kurasa arobaini hayasomwi.

Nywila zote zibadilishwe siku ya mwisho, ziandikwe kwenye bahasha mbili na kuhifadhiwa mahali pawili. Akaunti yoyote iliyofunguliwa kwa barua pepe ya mtaalamu ihamishiwe kwa barua pepe ya shirika mbele yake. Funguo zirudishwe, nakala za data zifutwe kwenye kompyuta yake, na jambo hilo liandikwe na kutiwa saini na pande zote mbili.

Barua ya shukrani itaje kazi yenyewe: “alioanisha hesabu za miezi kumi na miwili na kumfundisha mweka hazina,” badala ya “alijitolea kwa moyo”. Barua ya namna hiyo mwajiri huielewa, na mwenye kuipokea huionyesha wenzake ofisini, ambako ndiko mtaalamu wa pili atakakotoka. Miezi mitatu baadaye mwenyeji ampigie simu moja kumweleza kama vitabu bado vinafungwa kila mwezi. Kama havifungwi, amweleze hilo pia, na amuulize kama ana Jumamosi moja.